Krediti za nje kwenye shahada ya kompyuta ya mtandaoni: namna ya kuzihamisha ukiwa Lamu

Mpwa wangu alikuja kutoka Malindi na bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani. Alipanda basi mpaka Mokowe, akavuka kwa boti, na alipofika kwangu Langoni ile bahasha ilikuwa haijaguswa hata na tone la maji. Ndani mlikuwa na stashahada yake ya teknolojia ya habari, karatasi za matokeo ya KNEC, baraza la mitihani la Kenya, na vyeti vitano vya kozi alizosoma kwa simu.

"Shikamoo, mjomba. Nataka kuanza shahada ya kompyuta mtandaoni. Hivi vyote vitahesabiwa?"

"Marahaba, mwanangu. Vihesabiwe wapi?"

Akanyamaza. Alikuwa hajachagua chuo. Alikuwa na mizigo lakini hana bandari ya kuipeleka, na mimi namwelewa, kwa sababu nilipitia hapo hapo. Nililipia kozi nne za nje kwa pesa za msimu mzima wa wageni Shela, nikazisoma usiku baada ya kazi, nikafaulu zote. Chuo nilichojiunga nacho kilizipokea zote nne. Lakini mbili ziliwekwa kwenye fungu la kozi za hiari, na fungu lile lilikuwa limeshajaa kwa kozi za stashahada yangu. Zimeandikwa kwenye rekodi yangu mpaka leo, na hazikunipunguzia hata siku moja ya masomo. Mwongozo huu nauandika ili pesa ya mwingine isipotee hivyo.

Hesabu kwanza

Krediti hupima muda na kazi uliyoifanya kwenye kozi. Chuo cha Marekani kwa kawaida hudai krediti 120 kwa shahada ya kwanza, na kozi nyingi zina krediti 3. Uingereza hudai 360 kwa miaka mitatu. Nchi za Ulaya zinazotumia mfumo wa ECTS hudai 180 kwa miaka mitatu, au 240 kwa minne. Ukizigawa kwa mwaka utapata 30 za Marekani, 60 za ECTS na 120 za Uingereza. Basi krediti moja ya Marekani ni kama mbili za ECTS, au nne za Uingereza. Kozi ya chuo kikuu cha Kenya yenye saa 45 za darasani mara nyingi hulinganishwa na krediti 3 za Marekani, maana huko krediti moja huhesabiwa kama saa 15 za darasani kwa muhula.

Sasa angalia mtego uliomkamata mpwa wangu. Kwenye karatasi za KNEC za stashahada kuna neno "Credit", naye alikuwa amelizungushia kalamu nyekundu kila lilipotokea, akidhani ndizo krediti zake za kuhamisha. Siyo. Pale ni daraja la ufaulu: 1 na 2 ni Distinction, 3 na 4 ni Credit, 5 na 6 ni Pass, 7 ni Referred, 8 ni kuanguka. Karatasi ya KNEC haisemi kozi ilikuwa na krediti ngapi, kwa hiyo saa za masomo lazima uzitoe kwenye mtaala wenyewe. Nitalirudia hili mbele, maana ndipo wengi wa stashahada wanapokwama.

Hatua ya kwanza: shika orodha ya shahada kabla ya kushika vyeti vyako

Ingia kwenye tovuti ya chuo unachokifikiria, utafute orodha kamili ya kozi za shahada hiyo ya mwaka huu. Ichapishe kwenye karatasi. Nasisitiza karatasi, kwa sababu utaichora sana.

Shahada ya sayansi ya kompyuta huwa na mafungu manne hivi. La kwanza ni elimu ya jumla: uandishi, sayansi, jamii, maadili. La pili ni hisabati: kalkulasi, hisabati ya diskreti, takwimu, wakati mwingine aljebra mstari. La tatu ni kompyuta yenyewe: kuandika programu, miundo ya data na algoriti, usanifu wa kompyuta, mifumo endeshi, hifadhidata, mitandao, uhandisi wa programu. La nne ni kozi za hiari. Andika kando ya kila fungu krediti zake. Kisha chini ya karatasi andika majibu ya maswali haya, ukiyatoa kwenye kanuni za chuo au kwa kuwaandikia:

Mwisho wa krediti za nje ni ngapi? Krediti ngapi lazima zisomwe kwao? Kozi za ngazi ya juu zinaweza kutoka nje? Alama ya chini ni ipi? Kozi ya kompyuta ya zamani inakufa baada ya miaka mingapi?

Hilo la mwisho watu hulisahau. Baadhi ya vyuo havikubali kozi ya teknolojia iliyopita miaka kadhaa, ilhali kozi ya hisabati ya mwaka huo huo wanaipokea. Kama stashahada yako ni ya siku nyingi, liulize mapema.

Kuna vyuo vitatu vya umma na vya hisani Marekani vilivyoanzishwa hasa kwa ajili ya watu wazima wenye masomo ya vipande vipande: Excelsior wa New York, ulioanza 1971, Thomas Edison State wa New Jersey, 1972, na Charter Oak State wa Connecticut, 1973. Hivi vinajulikana kwa kupokea krediti nyingi za nje kuliko vyuo vingi. Utasikia pia chuo cha Western Governors kikisifiwa sana na Wamarekani; sifa zake ni za kweli, ila huwapokea wanaoishi Marekani, basi usikipigie hesabu ukiwa hapa Lamu. University of London ina shahada ya sayansi ya kompyuta kwa njia ya mtandao tangu 2019, na Waingereza huita jambo hili kutambua masomo ya awali: hawakuhamishii krediti huru, wanakusamehe moduli fulani kamili au hawakusamehei.

Na nyumbani usipapite. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopo Konza na kilichopewa hati yake Agosti 2023, kinafundisha mtandaoni. Kina shahada za sayansi ya data na za usalama wa mtandao, ambazo ni jirani za sayansi ya kompyuta. Kwa vyuo vya Kenya tarajia kupokelewa chini ya nusu ya kozi za msingi, na kutoka programu inayofanana na yako.

Hatua ya pili: ithibati, kabla ya kutuma hata shilingi

Ithibati ni uthibitisho rasmi kwamba chuo kinatambulika. Kwa chuo cha Marekani, tafuta jina lake kwenye orodha ya CHEA, baraza la ithibati la huko. Kwa cha Uingereza, tazama rejesta ya Office for Students, msimamizi wa vyuo vya huko. Halafu rudi hapa kwetu: Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ndiyo inayotambua na kulinganisha shahada za nje kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Ukitaka kazi ya serikali au ya kaunti, utaombwa barua yao ya kuitambua shahada yako. Waulize CUE kwa barua pepe sasa hivi, kabla hujaanza, ukitaja jina la chuo, jina la shahada, na kwamba utasoma mtandaoni ukiwa Kenya. Jibu lao lihifadhi.

Ukikuta chuo kinachokuahidi shahada nzima kwa "uzoefu wa maisha" na malipo ya mara moja, kifunge. Hicho kinauza karatasi.

Hatua ya tatu: makaratasi, na jina lako

Chuo kitataka transkripti rasmi (karatasi ya kozi na alama zako zote), na rasmi maana yake imetoka kwa msajili moja kwa moja mpaka kwao, kwa bahasha iliyofungwa na muhuri au kwa njia ya kielektroniki inayokubalika. Nakala uliyoiskani mwenyewe hutumika kwa tathmini ya awali tu. Kama una deni la ada kwenye chuo cha zamani, lilipe kwanza, kwa sababu msajili hatatoa kitu. Kwa matokeo ya KNEC, omba uthibitisho kupitia mfumo wao wa mtandaoni wa QMIS, ukiandika wazi anwani ya chuo kinachopokea.

Ukiskani transkripti ya chuo kikuu cha Kenya, skani pande zote mbili. Nyuma kuna maelezo ya madaraja, na pasipo hayo utaumia. Kwetu 70 kwenda juu ni A, 60 mpaka 69 ni B, 50 mpaka 59 ni C, na 40 mpaka 49 ni D ambayo bado ni kufaulu. Mmarekani aliyezoea A kuanza 90 akiona 68 bila maelezo yale anaweza kuiona kama D, na D haihamishwi. Namjua kijana wa Mkomani aliyepoteza kozi mbili nzuri kwa sababu ya upande mmoja wa karatasi. Alipotuma upande wa pili, zilirudi.

Kisha jina. Sisi wa pwani tunateseka hapa kuliko wengi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Swaleh, cheti cha sekondari cha KCSE kinasema Saleh, kitambulisho kimeongeza jina la babu, na pasipoti imeweka jina la baba mwisho. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Mtathmini aliye ng'ambo anaona watu wanne. Weka nyaraka zako zote mezani, soma herufi kwa herufi, na kama hazilingani nenda kwa wakili au kamishna wa viapo ukaapishe hati ya kiapo inayotaja kila namna jina lako lilivyoandikwa na kwenye waraka gani. Jisajili chuoni kwa jina lililo kwenye pasipoti au kitambulisho, kwa sababu ndilo utakaloonyesha kwenye kamera siku ya mtihani.

Hatua ya nne: mihtasari ya kozi

Hapa ndipo krediti hupatikana au hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtathmini hahamishi jina la kozi. Anahamisha yaliyomo. Chukua mifumo endeshi. Kwenye stashahada nyingi kozi hiyo hufundisha kusakinisha mfumo, kupanga mafaili, kuweka watumiaji, kutengeneza hitilafu. Kwenye shahada kozi yenye jina lile lile hufundisha jinsi mfumo unavyogawa zamu za prosesa, unavyopangia programu kumbukumbu, na nini hutokea programu mbili zinaposubiriana milele. Ukiomba ya kwanza ihesabiwe kama ya pili, utakataliwa, na kwa haki. Omba ya kwanza iingie kwenye hiari au kwenye utangulizi wa teknolojia ya habari, na utaipata.

Kwa hiyo kwa kila kozi unayotaka iingie mahali fulani, tafuta muhtasari wake: mada za kila wiki, saa za darasani na za maabara, kitabu kilichotumika, namna ya kupima na uzito wake, na sifa za mwalimu kama zipo. Vyuo vyetu mara nyingi havina haya kwenye tovuti. Nenda mwenyewe idarani ukiweza. Barua pepe kutoka Lamu inaweza kukaa mwezi bila jibu, lakini mtu aliyesimama mlangoni na salamu nzuri hupewa faili. Omba igongwe muhuri wa idara kila ukurasa.

Kisha tengeneza jedwali la safu mbili. Hivi ndivyo tulivyoandika mstari mmoja wa mpwa wangu. Kushoto: kozi ya chuo kinachopokea, miundo ya data, inayotaka orodha zilizounganishwa, rafu, foleni, miti, majedwali ya hashi, na upimaji wa kasi ya algoriti. Kulia: mada za kozi yake, tukizipanga kwa mfuatano ule ule wa kushoto, kila mada na wiki yake na ukurasa wa muhtasari. Rafu na foleni, wiki ya tatu, ukurasa wa 2. Miti, wiki ya sita, ukurasa wa 3. Upimaji wa kasi, haupo. Tukaandika hivyo hivyo: haupo. Alitaka tuuache wazi nikamkataza. Mtathmini akikuta umesema kweli kwenye pengo moja, huamini mistari mingine yote. Ile kozi haikuhesabiwa kama miundo ya data, lakini ilimpa kozi ya pili ya kuandika programu, nayo ilikuwa ya lazima.

Hatua ya tano: wakala wa tathmini

Vyuo vingi vya Marekani havisomi transkripti ya nje vyenyewe. Hutaka ripoti ya wakala wa kutathmini vyeti vya nje, kama WES au mwanachama mwingine wa NACES, chama cha mawakala hao Marekani. Usichague wakala kabla ya kuuliza chuo kinakubali yupi. Ripoti ya wakala asiyekubalika ni pesa ya bure. Na ukilipa, chagua ripoti ya kozi kwa kozi. Ile ya bei ndogo inasema tu kwamba stashahada yako ni sawa na kitu fulani, bila krediti wala alama za kila kozi, na kwa kuhamisha krediti haikusaidii.

Hatua ya sita: mapengo yaliyobaki, yajaze kwa kozi za bei nafuu

Sasa, na si kabla, angalia kozi za nje. Tovuti za masomo za Sophia, Study.com na Saylor Academy zina kozi ambazo American Council on Education, ACE, baraza la vyuo vya Marekani, limependekeza zipewe krediti. Kozi za Saylor ni za bure kusoma. Lipa kwa kadi ya Visa. Aliye na M-Pesa anaweza kutengeneza kadi ya Visa ya mtandaoni kwa GlobalPay, huduma iliyoanza 2022.

Neno "kupendekeza" lipime vizuri. ACE hupendekeza, na chuo huamua. Chuo kimoja kitaipokea kozi hiyo kama hisabati ya lazima, kingine kama hiari, kingine kitaikataa. Kabla ya kulipia kozi yoyote andika barua pepe kwa mshauri wa chuo chako na uulize jambo moja tu: kozi hii, namba hii, itakaa mahali pa kozi gani kwenye shahada yangu? Subiri jibu la maandishi. Jibu la simu halitakusaidia mshauri akibadilika.

Kwa uzoefu wangu, elimu ya jumla na hisabati za mwanzo ndizo zinazohama kwa urahisi. Kozi za juu za kompyuta zinahama kwa shida, na sioni faida ya kuzikimbiza nje: hizo ndizo utakazoulizwa kazini, zisome palipo na mwalimu wa kukusahihisha.

Vyeti vya kozi maarufu za bure, hata CS50 ya Harvard, kozi ya utangulizi wa kompyuta, kwa kawaida haviji na krediti vyenyewe. CS50 inafundisha vizuri mno na ningemshauri kila anayeanza aipitie. Aipitie kwa ajili ya elimu, asiiweke kwenye hesabu. Katika vyeti vitano vya mpwa wangu, kimoja tu kilikuwa na pendekezo la krediti.

Mtihani wa kusimamiwa kwa kamera

Kozi nyingi za aina hii humalizika kwa mtihani unaosimamiwa kwa kamera. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene na mtandao ndani ni dhaifu. Nenda juu darini au chumba cha dirisha la baharini siku moja kabla, saa ile ile ya mtihani, upime. Chaji kompyuta ijae, simu iwe na bando la akiba la kampuni nyingine, maana stima ikikatika modemu ya nyumba nayo inalala. Mwambie kila mtu wa nyumbani asiingie. Sauti ya mtu nyuma yako inatosha mtihani kusimamishwa, na mama akikuletea kahawa kwa mapenzi msimamizi hatajua ni mama.

Saa nayo. Makataa ya "11:59 PM" kwa New York, yaani dakika moja kabla ya saa sita usiku wa kwao, wakati wa kiangazi chao, kwetu ni kesho yake dakika moja kabla ya saa moja asubuhi. Kuanzia Novemba wanaporudisha saa nyuma, inakuwa dakika moja kabla ya saa mbili. Andika kwenye kalenda kwa saa zetu na tarehe yetu, usitegemee kichwa.

Hatua ya saba: barua ya tathmini

Ikija, usisome jumla peke yake. Mpwa wangu aliona krediti 48 akaruka kwa furaha. Tulichukua ile karatasi ya hatua ya kwanza, tukaweka kila kozi mahali ilipopangwa. Thelathini na tatu zilikuwa zimeziba nafasi za lazima. Tisa zilikuwa hiari zenye nafasi. Sita zilikuwa hiari zisizo na nafasi, kama zile zangu.

Kwa hizo sita, yaani kozi mbili, tulikata rufaa moja, ya takwimu. Rufaa nzuri ni fupi: namba ya kozi yangu, namba ya kozi yenu, jedwali, muhtasari wenye muhuri, na ombi la mwalimu wa idara aitazame, si ofisi ya udahili. Kuwa na adabu, kwa sababu yule anayesoma ana mafaili mengine mengi na hana deni kwako. Angalia pia tarehe ya mwisho. Vyuo vingine hufunga mlango wa rufaa baada ya muhula wa kwanza kuanza.

Unaposubiri jibu, usijiandikishe kwenye kozi ile unayoikatia rufaa. Chukua nyingine ambayo lazima utaisoma kwao kwa vyovyote. Mpwa wangu alianza na algoriti. Jibu la takwimu lilimfikia wiki ya tano ya muhula, kwamba imekubaliwa, akalipiga picha na kunitumia kabla hajanywa chai.